Picha inayosukuma karatasi: namna mchoro unavyoweza kuendesha kazi za biro

"Karatasi iko kwa shefu, rudia kesho." Katika muji wa Likasi, hakuna mtu mzima asiyejua maneno haya. Anayasikia mama aliyeenda kufuata cheti cha mtoto, mwenye butiki anayengojea fakitire yake ilipwe, hata shofere ambaye kamyo yake imekwama njiani na anangoja piesi. Kila mara jibu ni moja: karatasi iko mahali fulani, lakini hakuna anayejua ni kwa nani na tangu saa ngapi.

Siku hizi kuna vyombo vya ordinatere vilivyotengenezwa kwa ajili ya shida hiyo. Mtu anachora njia ya karatasi kwenye kioo cha ordinatere: kazi inaanzia wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi. Halafu mchoro huohuo unageuka kuwa mashini inayosukuma kazi kutoka biro moja kwenda nyingine. Mtu hahitaji kuwa fundi wa kuandika kodi. Anashika kisanduku kwa kidole ao kwa panya ya ordinatere, anakiweka mahali pake, anakifunga kwa mshale kwenye kisanduku kingine.

Benki, kampuni kubwa za madini na mashirika ya serikali katika nchi nyingi vinatumia vyombo hivi. Lakini hata kampuni ya watu kumi inaweza kuvitumia, na baadhi ya hivyo vyombo havilipishwi. Makala hii inaeleza vinavyofanya kazi, vilitoka wapi, na kwa nini watu wa kazi wenyewe, si fundi peke yake, wanapaswa kuwa kwenye meza siku mchoro unapochorwa.

Kamyo imekwama Fungurume

Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Kampuni ndogo ya usafirishaji iko Likasi, ina kamyo kumi kwenye ile barabara inayotoka Kolwezi, kupitia Likasi na Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Asubuhi moja kamyo inaharibika Fungurume. Shofere anapiga simu: anahitaji piesi.

Namna kazi inavyoenda leo ni hii. Shefu wa garaji anaandika ombi kwenye karatasi. Karatasi inaenda kwa mtunza depo, naye anatafuta kama piesi iko. Anakuta haiko. Anarudisha karatasi. Shefu wa garaji anatuma kijana mjini kutafuta bei kwa wauzaji. Kijana anarudi na fakitire ya makadirio. Karatasi inaenda kwa mkurugenzi apate kutia sahihi. Mkurugenzi ameenda Lubumbashi. Akirudi anatia sahihi na kashe, halafu karatasi inaenda kwa mshika makuta, ambaye anasema saa ya kutoa makuta imepita. Siku ya nne piesi inaondoka Likasi.

Tuseme kila mmoja wa hawa wanne alifanya kazi yake kwa dakika kumi. Jumla ni dakika 40. Siku zingine zote, karatasi ilikuwa imelala. Na shofere naye alilala, chini ya kamyo, akilinda mzigo usio wake, akila makuta yake mwenyewe.

Kila mmoja katika hiyo biro ataapa kwamba hakuchelewesha kitu, na mara nyingi ni kweli. Kuchelewa kuko katikati ya mtu na mtu. Hapo ndipo mchoro unaanza kusaidia, kwa sababu unaonyesha hata zile nafasi za katikati ambazo hazina mwenyewe.

Alama chache za kujua

Duniani kuna lugha moja ya michoro ya kazi ambayo vyombo vingi vinaifuata. Inaitwa kwa herufi nne: BPMN. Ina alama nyingi, lakini mtu akijua sita anaweza kusoma karibu mchoro wowote.

Duara lenye mstari mwembamba ni mwanzo. Katika mfano wetu, mwanzo ni simu ya shofere. Duara lenye mstari mnene ni mwisho: piesi imefika na kamyo imeondoka.

Kisanduku chenye pembe zilizoviringwa ni kazi moja, na ndani yake mnaandikwa kitendo: "tafuta piesi deponi", "tia sahihi", "toa makuta". Kisanduku kimoja, kazi moja, mtu mmoja. Mkiandika "shughulikia ombi" ndani ya kisanduku, hamujasema kitu, kwa sababu hakuna anayejua kushughulikia ni kufanya nini.

Mshale unaonyesha njia: kazi hii ikiisha, inafuata ile.

Alama ya nne ina umbo la almasi. Hapo njia inagawanyika. Almasi yenye msalaba wa X ndani yake ni ulizo: piesi iko deponi? Kama iko, pita huku. Kama haiko, pita kule. Almasi yenye alama ya kujumlisha inasema kitu tofauti: pita njia zote mbili kwa mara moja.

Alama ya tano ni mistari mirefu inayogawa mchoro kama shamba lenye matuta. Kila tuta ni la mtu ao biro moja: tuta la garaji, tuta la depo, tuta la mkurugenzi, tuta la mshika makuta. Mshale unapovuka kutoka tuta moja kwenda lingine, karatasi inabadilisha mikono. Hesabu mishale inayovuka matuta, na utajua karatasi yako inaweza kulala mara ngapi.

Ya sita ni duara lenye saa ndani. Maana yake: muda ukipita, fanya hivi. Mkurugenzi akikaa saa mbili bila kujibu, ombi linaenda kwa msaidizi wake. Saa hiyo ndogo, iliyochorwa pembeni ya kisanduku cha sahihi, ndiyo ingeweza kumtoa shofere wetu Fungurume siku ya kwanza.

Mchoro unaonyesha nini kwanza

Watu wa kampuni yetu ya mfano wakichora njia yao yote kwenye meza moja, kuna mambo mawili watakayoyaona mbele hata ya kuwasha ordinatere.

La kwanza: kutafuta piesi deponi na kutafuta bei mjini vinangojeana bila sababu. Kijana angeweza kuenda mjini wakati uleule mtunza depo anafungua makabati. Kama piesi inapatikana ndani, anapigiwa simu arudi. Kwenye mchoro, hii ni almasi moja yenye alama ya kujumlisha. Katika maisha, ni nusu siku iliyookolewa.

La pili: mkurugenzi anatia sahihi kwa kila kitu, toka mkanda wa dola 15 mpaka mtambo wa dola 3000. Wakikubaliana kwamba chini ya dola 200 shefu wa garaji anaamua mwenyewe, na mkurugenzi anapata habari jioni, almasi moja inatosha. Maombi madogo hayapiti tena kwake hata kidogo.

Yote mawili yanaweza kufanyika kwa kalamu na karatasi kubwa ukutani. Hakuna umeme unaohitajika. Ndiyo maana wataalamu wengi wa kazi hii wanaanza na karatasi za kubandika, na wanafungua ordinatere mwishoni.

Wazo hili lina miaka mia moja

Kuchora kazi si jambo la jana. Mwaka wa 1921, Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke wa Marekani, waliwaonyesha wainjinia wa nchi yao namna ya kuchora kazi ya kiwanda hatua kwa hatua, kwa alama ndogo. Walitaka kuona ni wapi mtu anafanya kazi, wapi anabeba, na wapi anangoja tu.

Mwaka wa 1962, Mjerumani Carl Adam Petri aliandika kazi yake ya udaktari juu ya michoro ya namna nyingine: maduara, vijiti, na vitone vinavyohama. Mtu anayejua kucheza kisolo ataelewa haraka. Mbegu iko katika shimo hili, halafu inahamia lile, na ukitazama mbao unajua mchezo umefika wapi. Katika vyombo vya leo, kila ombi ni kama mbegu moja. Maombi 50 yakiwa ndani, mbegu 50 zinatembea kwenye mchoro mmoja, kila moja mahali pake.

Lugha ya BPMN yenyewe ilitoka mwaka wa 2004. Baadaye ilipokelewa na OMG, kundi la kimataifa linalopanga kanuni za teknolojia, na toleo la 2.0 likatoka mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 ikawa kanuni ya ISO, namba 19510.

Toleo la 2.0 ndilo lililobadilisha mambo. Mbele yake, mchoro ulikuwa picha ya kutazama. Fundi aliisoma, halafu akaenda kuandika kodi yake upande, na baada ya miezi sita picha na programu zilikuwa hazifanani tena. Toka mwaka wa 2011, faili ya mchoro ina mpango maalum ambao ordinatere inaweza kuusoma moja kwa moja. Mshale ukihamishwa kwenye picha, kazi nayo inahama.

Namna picha inavyogeuka kazi

Ndani ya chombo cha namna hii kuna sehemu tatu.

Ya kwanza ni meza ya kuchorea. Upande mmoja wa kioo kuna alama zote, na mtu anazivuta kuziweka katikati.

Ya pili ni fomu. Kila kisanduku cha kazi kinapewa ukurasa wake mdogo. Shefu wa garaji anaona nafasi ya kuandika jina la piesi, namba ya kamyo na mahali ilipokwama. Mkurugenzi haoni nafasi hizo: yeye anaona bei na vifungo viwili, kubali ao kataa. Fomu nazo zinatengenezwa kwa kuvuta na kuweka.

Ya tatu ni mtambo wa nyuma, ambao hauonekani. Huo ndio unaosoma mchoro. Ombi likianza, unaliweka kwenye kisanduku cha kwanza na kumtumia mwenyewe habari kwa barua pepe, ao kwa ujumbe wa telefone kama umeunganishwa hivyo. Akimaliza, unasoma mshale na kusukuma mbele. Ukifika kwenye almasi, unatazama bei iliyoandikwa na kuchagua njia. Na kila hatua unaiandika kwenye kumbukumbu: nani, nini, saa ngapi.

Kumbukumbu hiyo ni muhimu kwa muji kama Likasi ambamo umeme unakatika. Mtambo uliotengenezwa vizuri hauweki kazi kichwani tu, unaiandika kila hatua. Umeme ukirudi, ombi linakutwa kwenye kisanduku kilekile, halianzi upya wala halipotei.

Vyombo viko vingi. Bonita ilizaliwa Ufaransa, na kampuni yake ilianzishwa Grenoble mwaka wa 2009. Camunda ni ya Berlin, na chombo chake cha kuchorea kinaweza kuwekwa ndani ya ordinatere na kutumiwa bila intaneti, bila malipo. Power Automate ni ya Microsoft. Kwa kuchora peke yake, bila kuendesha kazi, draw.io inatosha, nayo hailipishwi. Wenye kutaka kuendesha kazi kwa kweli wanapaswa kuhesabu mambo mengine: ordinatere inayokaa imewaka, mtu wa kuitunza, na leseni kwa vyombo vinavyolipishwa.

Vilivyo karibu nasi

Wakaaji wa majimbo ya mashariki wamekutana na ndugu wa vyombo hivi bila kujua jina lao.

Wa kwanza ni KoboToolbox. Watu wa mashirika wanapopita nyumba kwa nyumba na telefone mkononi wakiuliza maulizo, mara nyingi wanatumia hiyo. Ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Phuong Pham na Patrick Vinck, ambao walifanya uchunguzi wao katika sehemu zilizopigwa na vita, kati yazo kaskazini ya Uganda na mashariki ya Congo. Mwenye kuandaa maulizo havuki kwenye kodi. Anayapanga kwenye kioo na kusema: kama mama akijibu kwamba ana mtoto chini ya miaka mitano, uliza hili, kama hana, ruka. Hiyo "kama" ni almasi ileile.

Wa pili uko mpakani. Duane ya Congo, DGDA, inatumia Sydonia, programu ya forodha iliyotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Sydonia si chombo cha kuchorea, lakini inaonyesha vizuri njia inayogawanyika. Tangazo la mzigo likiisha kuandikishwa, programu inalielekeza kwenye rangi moja kati ya nne. Kijani: mzigo unapita. Manjano: karatasi zinachunguzwa. Nyekundu: karatasi zinachunguzwa na mzigo unafunguliwa. Buluu: mzigo unapita sasa, karatasi zitachunguzwa baadaye. Rangi hizo zinatokana na masharti ambayo watu waliyaweka ndani. Yule aliyeandika masharti ndiye aliyeamua kamyo gani itafunguliwa.

UNCTAD hiyohiyo ina chombo kingine, eRegistrations, na hicho ndicho cha kuchorea kwa kweli. Wafanyakazi wa serikali wanapanga fomu na hatua kwenye kioo, bila kuandika kodi. Benin ilikitumia kwa uandikishaji wa kampuni, na toka mwaka wa 2020 mtu huko anaweza kuanzisha kampuni kwa telefone, kwa muda wa saa chache.

Congo nayo iliunda Guichet Unique ya kuanzisha kampuni mwaka wa 2012, ili mtu asizunguke tena biro moja moja. Wazo ni zuri, lakini kila mahali duniani ambako mlango mmoja umejengwa, ulizo lilelile linabaki: nyuma ya mlango huo, karatasi inapita wapi? Kama nyuma bado kuna meza kumi zinazongojeana, mtu ameokoa nauli, hajaokoa siku.

Mahali mchoro unapodanganya

Kosa kubwa la michoro hii linatokea siku ya kwanza, kwenye meza. Mkurugenzi anaita fundi, wanafunga mlango, mkurugenzi anaeleza kazi inavyoenda, fundi anachora. Lakini mkurugenzi anaeleza kazi kama ilivyoandikwa katika kitabu cha kanuni. Hajui kwamba mtunza depo ana daftari lake la pembeni, ambamo anaandika piesi zilizotolewa usiku. Hajui kwamba shefu wa garaji anakopa piesi kwa kampuni jirani na kurudisha juma lijalo. Mambo hayo hayako kwenye kanuni, lakini ndiyo yanayofanya kamyo zitembee.

Mtambo ukiwashwa na mchoro huo, kazi inakwama wiki ya kwanza. Mashini haijui kukopa kwa jirani. Inajua tu njia iliyochorwa. Basi watu wanarudia karatasi kwa siri, na mashini inajazwa jioni ili mkurugenzi afurahi. Sasa kampuni ina kazi mbili badala ya moja, na kumbukumbu za uongo juu yake.

Kosa la pili ni kuchora siku nzuri peke yake. Mwanzo, kazi, kazi, mwisho. Lakini muuzaji akisema piesi imekwisha? Mshika makuta akikosa makuta? Mtandao ukikatika siku mbili? Bei ikibadilika kati ya fakitire ya makadirio na malipo? Kila "hapana" inahitaji mshale wake. Almasi yenye njia ya "ndiyo" peke yake ni mtego: ombi linafika hapo na kukaa, na safari hii hakuna hata karani wa kumuuliza.

Kwa Likasi, mshale mmoja haupaswi kukosa: njia ya siku umeme ao mtandao haupo. Inaweza kuwa rahisi. Fomu za karatasi zenye namba, kitabu kimoja, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuingiza kila kitu katika ordinatere umeme ukirudi. Kama njia hiyo haikuchorwa, kila mtu atajitengenezea yake.

Kosa la tatu linagusa watu zaidi. Mtambo unaandika saa ya kila mtu. Mwisho wa mwezi, mkubwa anaweza kuona kwamba mshika makuta anakaa na ombi siku mbili. Anaweza kuuliza kwa nini, na kugundua kwamba makuta yanatoka benki mara mbili tu kwa juma. Ao anaweza kumfukuza. Chombo ni kilekile. Ndiyo sababu wafanyakazi wana haki ya kuuliza mbele ya kuanza: ni nini kitaandikwa juu yetu, nani atasoma, na kitatumiwa kwa nini?

Na kuna wale ambao kazi yao yote ilikuwa kubeba karatasi kutoka mlango huu kwenda ule. Mchoro ukianza kufanya kazi, hakuna kisanduku chenye jina lao. Kampuni inayoona jambo hilo mapema inaweza kuwapa kazi nyingine, kwa mfano kuingiza maandishi siku za umeme kukatika, ao kufuatilia wauzaji. Kampuni isiyoliona inaweza kukuta kwamba mashini "inaharibika" mara nyingi bila sababu.

Upande mwingine, kuna watu ambao giza la karatasi linawalisha. Mahali ambapo hakuna anayejua karatasi iko wapi, yule anayejua anaweza kuuza habari hiyo. "Toa kidogo, nitaitafuta." Njia ikionekana kwa wote, na mwenye ombi akiweza kuona kwenye telefone yake kwamba ombi liko kwenye kisanduku cha tatu toka jana saa tisa, biashara hiyo inapungua. Haiishi, kwa maana mtu anaweza kuomba kitu ili abonyeze kifungo. Lakini hataweza tena kusema karatasi imepotea.

Sheria inasema nini

Wengi wanaogopa kwamba sahihi ya kifungo haina nguvu mbele ya tribinali. Congo ina sheria juu ya hilo. Sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inakubali maandishi ya elektroniki na sahihi ya elektroniki kama ushahidi, kwa masharti kwamba mwenye kuandika anaweza kutambulika na maandishi yamehifadhiwa bila kubadilishwa. Sheria hiyohiyo inalinda habari za watu. Kampuni inayokusanya majina, namba za telefone na mishahara katika mtambo wake haiwezi kufanya nazo inavyotaka.

Kwa hiyo neno la siri la mkurugenzi si la kuachiwa sekretere aandike kwenye karatasi ndogo pembeni ya ordinatere. Kifungo kikibonyezwa kwa jina lake, ni yeye aliyetia sahihi.

Pa kuanzia

Biro, shule, kituo cha afya ao kampuni inayotaka kujaribu inaweza kuanza bila makuta mengi.

Chagua kazi moja tu, ile inayoleta malalamiko zaidi. Usichague zote.

Kwa majuma mawili, bandika karatasi ndogo juu ya kila ombi, na kila mtu aandike saa alipolipokea na saa alipolitoa. Hii peke yake itaonyesha karatasi inalala wapi.

Halafu kaeni wote mezani: wale wanaofanya kazi, si wakubwa tu. Bandikeni karatasi ukutani, hatua kwa hatua, kama kazi inavyofanyika kwa kweli. Mulizeni mtu wa mwisho katika mstari, yule anayepokea malalamiko ya wateja, kwa maana anajua mengi. Katika kila hatua ulizeni: na kama hapana?

Ondoeni hatua zisizo na kazi. Mkichora uzembe na kuuweka katika mashini, mtapata uzembe unaokwenda mbio.

Hapo tu ndipo mfungue ordinatere. Chora, jaribu na maombi matano, sahihisha, jaribu tena. Acha karatasi na mashini viende pamoja kwa mwezi mmoja, halafu linganisha.

Na mchoro ukiisha, uchapishwe na kubandikwa mlangoni, mahali kila mtu anayeingia anaweza kuuona. Siku mama akiambiwa arudie kesho, ataweza kuweka kidole kwenye kisanduku na kuuliza: "Papa, iko hapa ao hapa? Na hapa ni nani?"